Jike la mjusi hulipa nini kwa mkupuo mmoja wa mayai?

Swali: Nilimpima jike la mjusi jioni, siku moja kabla ya kutaga, nikapata gramu 12.4. Asubuhi iliyofuata nilikuta ametaga usiku kwenye mchanga wenye unyevu. Yeye alikuwa gramu 9.1, na mayai yote sita kwa pamoja gramu 2.9. Ngozi ya ubavuni imelegea na anaonekana amekonda vibaya. Nimesoma kwamba wanyama wa damu baridi hutumia nishati kidogo, na mjusi huyu haatamii mayai wala halei watoto. Je, gharama yake ya uzazi ni hizo gramu 2.9 tu? Na gramu 0.4 zilizobaki zimekwenda wapi?

Jibu: Tuanze na zile gramu 0.4, maana ndizo nyepesi. Karibu zote ni maji: majimaji yanayotoka pamoja na mayai, kinyesi na ule mkojo mzito mweupe, na mvuke uliopotea usiku kucha kwa pumzi na kupitia ngozi. Zenye mashaka zaidi ni zile 2.9. Mayai yenye ganda laini kama ngozi huanza kunywa maji ya mchanga mara tu yanapotagwa, na mengi huongezeka hadi uzito maradufu kabla ya kuanguliwa. Kwa hiyo asubuhi ulipima mayai pamoja na maji ya mchangani. Safari ijayo yapime ndani ya saa moja tangu yatagwe, yapanguse mchanga kwa brashi laini, na uweke alama ya penseli upande wa juu ili uyarudishe jinsi yalivyokuwa. Yai la mjusi likigeuzwa baada ya kiinitete kujishikiza kwenye ukuta wake, kiinitete huweza kufa.

Kuna mtego mwingine kabla hatujafika kwenye nishati. Kipimo kinachotumika sana ni uzito wa mkupuo ukilinganishwa na uzito wa mama. Gawanya 2.9 kwa 9.1, upate asilimia 32. Gawanya kwa 12.4, upate asilimia 23. Jike ni yuleyule, mayai ni yaleyale, na njia zote mbili zimo kwenye machapisho. Ukisoma kwamba spishi fulani hubeba asilimia 30, tafuta kwanza kama uzito wa mayai uligawanywa kwa ule wa mama mwenye mayai au wa mama aliyekwisha kutaga. Wengi hulinganisha takwimu hizo bila kuangalia, kisha hushangaa kwamba spishi mbili za karibu zimetofautiana mno.

Sasa nishati. Gramu ni uzito, na sehemu kubwa ya yai bichi ni maji, ambayo hayana kilojuli hata moja. Chukua kwamba asilimia 40 ya yai lililotagwa sasa hivi ni mada kavu, kiasi cha kawaida kwa mayai ya ganda laini. Gramu 2.9 zinabaki gramu 1.16. Mada kavu ya yai la mjusi ikichomwa ndani ya kalorimita, yaani kifaa cha kupimia joto linalotoka kitu kinapoungua, hutoa takriban kilojuli 25 kwa gramu, kwa hiyo mkupuo mzima una kilojuli 29. Kuitengeneza mada hiyo nako kunagharimu: chakula humeng'enywa, ini huunda protini za kiini, damu huzisafirisha, ovari huzipokea. Nikiongeza robo kwa kazi hiyo, na hapa nakadiria tu, tunafika kilojuli 36.

Kilojuli 36 ni kidogo sana ukizitazama peke yake. Chini ya gramu moja ya mafuta hutoa kiasi hicho. Ndipo wengi hukosea, wakahitimisha kwamba uzazi wa mjusi ni wa bei rahisi. Bei lazima ilinganishwe na kipato.

Kenneth Nagy na wenzake walikusanya vipimo vya matumizi ya nishati ya wanyama wanaoishi huru porini, vilivyopatikana kwa kuwadunga maji yenye isotopu za haidrojeni na oksijeni, yaani atomi zinazotambulika kwa uzito wake, na kufuatilia jinsi zinavyopungua katika damu. Mlinganyo wao wa mwaka 1999 kwa reptilia unasema: kilojuli kwa siku ni 0.196 mara uzito kwa gramu uliopandishwa kipeo cha 0.889. Weka gramu 9.1 na utapata kilojuli 1.4 hivi. Mamalia wa uzito huohuo, kwa mlinganyo wake, anahitaji takriban 24. Jike lako linaishi siku nzima, kuota jua, kukimbia, kuwinda na kulala, kwa kilojuli 1.4. Gawanya 36 kwa 1.4: mkupuo mmoja ni sawa na siku 26 za maisha yake ya kawaida.

Iweke katika chakula. Nyenje wa robo gramu ana mada kavu ya takriban gramu 0.075, yaani kilojuli 1.7, na mjusi mla wadudu huchukua kama asilimia 80 ya hiyo. Hapo zinabaki kilojuli 1.4 hivi. Nyenje mmoja mdogo kwa siku ndiyo riziki yake nzima. Ikiwa viini vya mayai vilijazwa kwa wiki nne, alihitaji nyenje wa pili kila siku, siku zote 28, mvua inyeshe au jua litoke. Kwa mnyama ambaye siku ya mawingu hawezi hata kupasha mwili joto la kutosha kuwinda, kipato maradufu kwa mwezi mzima si jambo dogo. Damu baridi humpa mjusi maisha ya bei nafuu. Papo hapo hufanya kila gramu ya yai kuwa sehemu kubwa ya bajeti yake.

Nyenje hao wasipopatikana, hutumia akiba. Mijusi wengi wana vifuko viwili vya mafuta ndani ya tumbo, karibu na nyonga, vya rangi ya njano au nyeupe, na mafuta mengine hukaa kwenye ini na katika shina la mkia. Estrojeni, homoni ya uzazi ya jike, ikipanda, mafuta hayo hutoka, ini huvimba na kuanza kutengeneza vitelojenini, protini mama ya kiini, na vifuko hunywea. Mwaka 1965 Hahn na Tinkle waliwaondolea majike wa mjusi aitwaye Uta stansburiana vifuko hivyo kabla ya msimu, na ukuaji wa viini vya mkupuo wa kwanza ukaathirika. Hivyo mkupuo wa kwanza hulipwa kwa kiasi kikubwa na akiba ya msimu uliopita, na mikupuo inayofuata hutegemea zaidi wadudu wa wiki ileile. Ndiyo sababu mwaka wa ukame mara nyingi huonekana zaidi kwenye idadi ya mikupuo kuliko kwenye ule wa kwanza.

Lakini mafuta hayatoshi hata yakiwa mengi, na jambo hili husahaulika. Zaidi ya nusu ya mada kavu ya kiini ni protini. Mkupuo wako una takriban gramu 0.6 za protini. Nyenje mmoja wa robo gramu ana kama gramu 0.045, kwa hiyo anahitajika si chini ya nyenje 13 kwa protini peke yake, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Mwili hauwezi kugeuza mafuta kuwa protini. Jike mnene asiyepata chakula hana budi kuvunja misuli yake, au kuviacha baadhi ya viini vidogo vifyonzwe tena na mwili. Ukiona jike mwenye mafuta tele ametaga mayai mawili badala ya sita, angalia protini kabla ya kulaumu umri wake.

Halafu kuna kalsiamu, ambayo si nishati lakini upungufu wake huua majike wengi wanaofugwa. Mjusi wa nyumbani jamii ya geko hutaga mayai mawili tu, yenye ganda gumu la chokaa. Mtazame akiwa amejishika nje ya kioo cha dirisha usiku taa ikiwaka ndani: mayai yote mawili huonekana meupe kupitia ngozi ya tumbo, moja kila upande, na pande mbili za shingo huonekana vivimbe vyeupe. Hivyo ni vifuko vya chokaa, benki ya ganda. Vikiwa vimesinyaa kabla ya kutaga, kalsiamu ya ganda itatolewa kwenye mifupa. Misuli ya mirija ya mayai hulegea kwa upungufu huo, na yai hukwama.

Mkia nao ni ghala. Mwaka 1981 Dial na Fitzpatrick walichunguza geko mdogo aitwaye Coleonyx brevis, ambaye mkia wake hujaa mafuta, wakaona kwamba majike waliopoteza mkia walitaga mayai yenye uzito na nishati pungufu. Kwa hiyo mjusi anapomwachia paka mkia ameokoa roho, lakini analipa kwa mayai.

Umesema mjusi wako haatamii. Ni kweli, lakini alikuwa na mzigo kabla ya kutaga. Tumbo likijaa mayai, nafasi ya chakula hupungua, na wengi hula kidogo au huacha kula kabisa siku za mwisho. Hukimbia polepole, hivyo hukaa karibu na maficho na kuwinda kidogo zaidi. Hiyo si nishati iliyotumika, ni nishati ambayo haikuingia. Haionekani kwenye kalorimita. Laurie Vitt na Justin Congdon walieleza mwaka 1978 kwamba mzigo unafuata mtindo wa maisha: mijusi wanaokaa na kuvizia, wanene na bapa kama Phrynosoma wa Amerika Kaskazini, hubeba mikupuo mizito sana, wakati wale wembamba wanaozunguka kutwa wakitafuta chakula hubeba mizigo myepesi zaidi. Anayeishi kwa mbio hawezi kubeba theluthi ya uzito wake.

Mijusi wa jenasi Anolis wamechukua njia nyingine: yai moja kwa wakati, ovari zikipokezana, kila wiki moja au mbili msimu mzima. Mzigo wa mara moja ni mdogo, ila bili haiishi. Robert Cox na Ryan Calsbeek waliwaondolea ovari majike wa Anolis sagrei na kuwarudisha porini. Katika matokeo yao ya mwaka 2010, majike hao walikua zaidi, wakawa na hali nzuri ya mwili na kuishi kwa wingi kuliko wale waliobaki na ovari. Yai moja moja halikuwaondolea gharama. Jaribio lingine la namna hiyo ni la Allan Landwer, 1994, kwa mjusi aitwaye Urosaurus ornatus: majike waliopunguziwa idadi ya mayai walikua haraka zaidi na kuishi zaidi. Majaribio kama haya ndiyo ushahidi halisi. Kulinganisha tu majike waliotaga mengi na waliotaga machache porini hudanganya, kwa sababu jike aliyepata eneo lenye wadudu wengi hutaga mengi na bado hunenepa, utadhani mayai hayagharimu kitu.

Kwa mijusi wanaozaa watoto hai badala ya kutaga hesabu hubadilika. Mijusi wengi wanaotaga huweka mayai kiinitete kikiwa kimepita takriban theluthi ya ukuaji wake, na oksijeni nyingi hutumika katika theluthi ya mwisho, ndani ya mchanga, mama akiwa mbali. Anayezaa hubeba kipindi hicho tumboni. Lazima apeleke oksijeni, aondoe taka, na aote jua muda mrefu zaidi. Joto la mwili likipanda kwa nyuzi 10, umetaboli wa mjusi, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, hupanda mara mbili hadi tatu, kwa hiyo kuota jua kwa ajili ya mimba ni kuchoma nishati yake mwenyewe. Mjusi Tiliqua rugosa wa Australia huzaa watoto wachache, mara nyingi wawili, wakubwa mno hata hubana mapafu, na kupumua kwenyewe humgharimu zaidi. Geko wa nyanda za baridi za Otago, New Zealand, hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka na kuzaa mara moja katika miaka miwili.

Hapa ndipo hesabu huvurugika mara nyingi, hata kwa wanafunzi makini. Kiinitete cha mjusi anayelishwa kwa kiini hupumua kwa kuchoma kiini hichohicho. Kati ya nishati ya yai, karibu theluthi huchomwa wakati wa ukuaji na inayobaki hutoka na kichanga. Ukijumlisha nishati ya mayai na oksijeni yote ya ziada uliyopima kwa mama mjamzito, umehesabu pumzi ya viinitete mara mbili. Chukua nishati iliyokuwa kwenye viini, kisha ongeza ile sehemu ya oksijeni iliyo ya mwili wa mama pekee. Anayelisha kwa kondo huhesabiwa tofauti kabisa: mjusi Mabuya heathi wa Brazil huanza na yai la takriban milimita 1, na zaidi ya asilimia 99 ya mada kavu ya kichanga hupitia kwenye kondo, kwa hiyo kupima yai lake ni kazi bure.

Hata hivyo mjusi yuko mbali na mamalia. Uchambuzi wa spishi 81 uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulionyesha kwamba kwa mamalia ni takriban asilimia 10 tu ya nishati ya uzazi inayoishia ndani ya watoto wenyewe. Inayobaki ni gharama ya kubeba. Kwa mjusi anayetaga sehemu kubwa imo ndani ya yai, kwa hiyo makadirio yangu ya kilojuli 29 kati ya 36 si ya ajabu.

Madume tusiwasahau, ingawa nitawapita haraka. Gharama yao kubwa ni doria na ugomvi kuliko mbegu. Catherine Marler na Michael Moore waliwawekea madume wa mjusi Sceloporus jarrovi testosteroni, homoni ya kiume, chini ya ngozi. Wakazunguka zaidi, wakapoteza nishati na kufa kwa wingi. Walipoongezewa chakula, vifo vya ziada vikatoweka. Ni nadra kuona nishati ikithibitishwa kuwa chanzo cha kifo kwa uwazi namna hiyo.

Ukipata chumba cha kupimia oksijeni na unataka sehemu isiyoonekana kwenye mizani, mpime jike yuleyule mara tatu: kabla viini havijaanza kujaa, siku chache kabla ya kutaga, na wiki kama mbili baada ya kutaga. Mnyime chakula siku 2 au 3 kabla, kwa sababu kumeng'enya tu hupandisha umetaboli na utadhani ni mayai. Weka giza, joto lisibadilike hata nyuzi moja, na pima saa zake za kupumzika. Mjusi wa gramu 10 aliyetulia kwenye nyuzi 30 za Selsiasi hutumia takriban mililita 1 ya oksijeni kwa saa, na kila mililita ni juli 20 hivi. Kifaa kisichoona tofauti ya sehemu ya kumi ya mililita hakitakusaidia. Usigawanye matokeo kwa uzito wa mama akiwa na mayai. Kiini ni ghala lisilopumua, na ukigawanya kwa 12.4 badala ya 9.1 utaifuta gharama uliyokuwa unaitafuta.

Kuhusu kukonda kwa jike lako: ngozi iliyolegea ubavuni si kipimo, ni mfuko uliobaki wazi, na hujikaza kwa siku chache. Shika shina la mkia kwa vidole viwili, kisha utazame mifupa ya nyonga. Shina likiwa bado la duara, amelipa kwa chakula alichokula. Likiwa na kona na mifupa imechomoza, amelipa kwa akiba na misuli. Mpe maji kwanza, halafu wadudu wadogo waliopakwa unga wa kalsiamu, kidogo kidogo kila siku kuliko wengi kwa mpigo, na mahali pa kuota jua penye joto analolipenda, kwa kuwa mjusi baridi hubaki na chakula tumboni bila kukimeng'enya. Mpime kila baada ya siku 3, saa ileile, kabla hajala. Zikipita wiki tatu anakula vizuri na shina la mkia halijaanza kujaa, acha kuyalaumu mayai: kagua kipimajoto, kisha peleka kinyesi kikachunguzwe minyoo.